Tone Kwanza, Mashine Baadaye: Utatuzi wa Matatizo Unapopima Dawa kwenye Mkojo

Kijana aliyekuwa akifanya mafunzo kwa vitendo katika maabara niliyokuwa nikiisimamia mjini Mtwara aliniita asubuhi moja akiwa amekunja uso. "Dada, mashine imekufa," alisema, "kilele cha diklofenaki hakipo kabisa." Alimaanisha ule mwinuko ambao mashine huuchora kwenye grafu dawa hiyo ya maumivu inapopita. Sikwenda kwenye mashine. Nilimwomba aniletee tyubu aliyotoka kuinyonya, nikaiinua dirishani ili mwanga upite ndani yake. Pale kwenye ncha ya chini, ambapo tone la klorobenzini, kiyeyushi tunachokitumia kunasa dawa, lilitakiwa kutulia, palikuwa na mkojo mtupu. Tone lenyewe, dogo kama punje ya ulezi, lilikuwa juu, limejibandika kwenye ukingo wa kioo. Alikuwa ameongeza chumvi mpaka ikagoma kuyeyuka, kisha akazamisha sindano hadi chini kama alivyofundishwa, akanyonya maji ya chumvi na kuyaingiza kwenye kolamu, yaani bomba la mashine linalotenganisha dawa na vitu vingine. Mashine ilikuwa nzima, na ilikuwa imesema kweli: ilichopewa hakikuwa na dawa.

Tangu siku ile nimeshika utaratibu wa kutazama tone kabla ya kugusa mashine, kwa sababu hitilafu nyingi ninazoitwa kuzichunguza huzaliwa ndani ya tyubu au ndani ya chupa ya mkojo iliyosafiri kutoka mbali, ilhali sisi huzitafuta kwenye pampu na taa.

Njia ninayoizungumzia ni uziduaji mdogo wa kutawanya, yaani kuitoa dawa kwenye mkojo na kuihamishia kwenye kiyeyushi kidogo kilichotawanywa humo, ambao watafiti wa Iran waliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 2006. Mililita 5 za mkojo uliokwisha kurekebishwa pH, yaani kiwango chake cha asidi, huwekwa kwenye tyubu ya kioo yenye ncha, halafu mililita 1 ya asetoni iliyochanganywa na mikrolita 50 hadi 100 za kiyeyushi kizito kisichopatana na maji, kama klorobenzini au klorofomu, husukumwa humo kwa sirinji, kwa mkupuo mmoja. Asetoni inapotawanyika, kiyeyushi hupasuka kuwa vitone vidogo mno, mkojo hugeuka mweupe kama tui jepesi, dawa huhamia kwenye vitone hivyo, na dakika 5 za sentrifuji, mashine inayozungusha tyubu kwa kasi, huvikusanya chini kuwa tone moja. Tone hilo ndilo linalopelekwa kwenye mashine yetu, kromatografia ya kimiminika yenye kitambuzi cha mwanga wa urujuanimno. Mifano yangu mingi ni ya diklofenaki, ambayo watu wengi wa huku huinunua kwenye maduka ya dawa muhimu kwa maumivu ya viungo na mgongo, na tramadoli, dawa kali ya maumivu ambayo hufuatiliwa kwa sababu ya matumizi mabaya. Ya kwanza ni asidi na ya pili ni besi, kwa hiyo anayezielewa mbili hizi ataweza kuzikabili na nyingine nyingi.

Tone halipo, au lipo pasipo pake

Sababu ya kwanza ni uzito wa vimiminika kwa ujazo wao. Klorobenzini ina gramu 1.11 kwa mililita, wakati maji yaliyoshiba chumvi ya kawaida hufikia takriban gramu 1.2. Ukiongeza chumvi kupita kiasi, basi, mkojo unakuwa mzito kuliko kiyeyushi na tone linaelea. Klorofomu, yenye gramu 1.48, haina tatizo hilo. Kama ni lazima utumie klorobenzini, punguza chumvi, na kwa maoni yangu ni bora kuiacha kabisa. Faida yake kwa dawa hizi mbili ni ndogo kuliko usumbufu wake, kwani chumvi hulifanya tone liwe kubwa zaidi na hivyo kupunguza ukolezi wa dawa iliyomo ndani yake.

Sababu ya pili huwashangaza wengi, nayo ni kwamba tone limeyeyuka. Tunazoea kusema klorofomu haichanganyiki na maji, lakini lita moja ya maji humeza takriban gramu 8 za klorofomu. Fanya hesabu hiyo kwa mililita 5 za mkojo: ni miligramu 40, yaani karibu mikrolita 27. Aliyeweka mikrolita 30 ili abane matumizi atabaki na tone lisiloonekana, na kwa kuwa asetoni huongeza kuyeyuka huko, huenda asibaki na kitu kabisa. Klorobenzini huyeyuka kidogo mno, kama mikrolita 2 kwa kiasi hicho hicho cha mkojo. Kwa hiyo ukibadilisha kiyeyushi usihamishe ujazo wa zamani. Anza na mikrolita 80 za klorofomu, pima tone linalobaki, ndipo upunguze.

Sababu ya tatu ni joto letu. Chumba kisicho na kiyoyozi katika pwani hii hufikia nyuzi 30 na zaidi wakati wa mchana, na klorofomu katika joto hilo hudondoka kutoka kwenye ncha ya pipeti kabla hujafika kwenye tyubu, maana mvuke wake huisukuma toka ndani. Unaweza kuliona hilo kwa macho: nyonya mikrolita 80, shikilia pipeti wima bila kuibonyeza, na uhesabu hadi kumi; kitone kinachong'aa kitajikusanya kwenye ncha na kuanguka. Lowesha ncha kwa kunyonya na kutoa klorofomu mara tatu kabla ya kupima, au utumie sirinji ya kioo, ambayo mimi huipendelea. Diklorometheni inachemka kwenye nyuzi 40 tu, na sioni sababu ya kuitumia hapa kwetu.

Wapo wanaofuata njia ya tone linalogandishwa, ambapo dodekanoli, kiyeyushi chepesi kuliko maji, huelea juu, hugandishwa kwenye barafu, kisha huokotwa kama chembe. Dodekanoli huganda kwenye nyuzi 22 hadi 24. Mwongozo ulioandikwa kwenye nchi ya baridi utakwambia uichukue chembe "haraka", lakini katika chumba cha nyuzi 31 itayeyuka hata kabla kijiko hakijatoka mdomoni mwa tyubu. Poza kijiko na kichupa cha kupokelea kwenye barafu ile ile, na ufanye tyubu moja baada ya nyingine badala ya kupanga kumi kwa pamoja.

Neno moja kuhusu vyombo: tyubu za plastiki ngumu inayong'aa, yaani polistairini, huyeyushwa na klorofomu. Ukiona tyubu imepata ukungu au tone limekuwa zito kama gundi, umeshapata jibu.

Weupe haukatiki baada ya sentrifuji

Mara nyingi huo weupe si kiyeyushi. Tramadoli huziduliwa kwenye pH ya takriban 11, na mkojo unapofanywa alikali (kinyume cha asidi) kiasi hicho, fosfati za kalsiamu na magnesiamu zilizomo hugeuka unga mweupe papo hapo. Unga huo hukaa kati ya tone na mkojo, hulizuia tone lisijikusanye, na sindano ikipita hapo huziba. Tiba yake ni kuupa mkojo alikali mapema, kuuzungusha kwenye sentrifuji, kuhamisha maji ya juu kwenye tyubu nyingine, na hapo ndipo uanze uziduaji. Mkojo uliotoka kwenye jokofu una shida inayofanana, ila kwa upande wa asidi, kwa kuwa urati, yaani chumvi za asidi ya yuriki, hujitenga kwenye baridi na kuacha mashapo ya rangi ya matofali. Uache ufikie joto la chumba na uutikise vizuri kabla ya kuchukua sampuli, kwa sababu ukimimina maji ya juu peke yake huenda ukaacha sehemu ya dawa kwenye mashapo.

Tone lipo, lakini kilele ni kidogo

Hapa pH ndiyo ya kuulizwa kwanza. Kiyeyushi hupokea dawa isiyo na chaji ya umeme, na diklofenaki huanza kupoteza chaji yake pale pH inaposhuka karibu na 4. Kwenye pH 2.5 zaidi ya asilimia 95 yake haina chaji, lakini kwenye pH 6 ni chini ya asilimia 2 tu. Kwa tramadoli mambo ni kinyume: nusu yake haina chaji kwenye pH 9.4, na ukifika 11 unapata karibu yote. Mkojo wa binadamu huanzia pH 4.5 na kufikia 8, na uwezo wake wa kupinga mabadiliko hutofautiana kati ya mtu na mtu. Kwa hiyo matone 5 ya asidi yaliyomtosha mgonjwa wa jana hayatamtosha wa leo. Usihesabu matone; chovya karatasi ya pH au elektrodi kwenye kila tyubu, kila mara, na uandike ulichokisoma. Ni kazi ya nusu dakika, na imeniokoa mara nyingi kuliko kifaa chochote cha gharama.

Kama pH ni sahihi, pima ufanisi kwa hesabu badala ya kukisia. Gawanya ukolezi wa dawa ndani ya tone kwa ukolezi wa awali kwenye mkojo, utapata kigezo cha ukolezo. Kizidishe kwa ujazo wa tone, ugawanye kwa ujazo wa mkojo. Tone la mikrolita 40 lililokoleza mara 100 kutoka mililita 5 limechukua asilimia 80 ya dawa, na hilo ni jambo la kuridhisha. Tone la mikrolita 10 lililokoleza mara hizo hizo 100 limechukua asilimia 20 tu, ingawa vilele viwili hivyo, matone yenyewe yakiingizwa kwa ujazo uleule, vitafanana kabisa. Ndiyo maana ninasisitiza kilinganishi cha ndani, yaani dawa nyingine ya tabia inayofanana inayoongezwa kwa kiasi kile kile katika kila mkojo kabla ya uziduaji. Tone likipungua, vyote viwili huathirika pamoja, na uwiano wao hubaki.

Hatua ya kukausha nayo hupoteza dawa. Klorofomu haifai kuingizwa moja kwa moja kwenye kolamu ya kawaida, kwa hiyo tone hukaushwa na masalia yake huyeyushwa kwa mikrolita 50 za kimiminika kile kile kinachosukumwa kupitia kolamu. Anayepima amfetamini, dawa ya kusisimua mwili, asisahau kuongeza tone la asidi hidrokloriki kwenye methanoli kabla ya kukausha, maana dawa hiyo ikiwa katika hali ya besi hupaa pamoja na kiyeyushi.

Namba inapanda badala ya kushuka

Hili ndilo tatizo linalonisumbua zaidi moyoni, kwa sababu halina dalili yoyote kwenye mashine. Kilele ni kizuri, tone ni zuri, mstari wa ulinganishi, ule tunaouchora kwa sampuli zenye kiasi cha dawa kinachojulikana, umenyooka, na jibu si kweli.

Ini halitoi diklofenaki kama lilivyoipokea. Sehemu yake hulibadilisha kuwa vitu vingine, na nyingine hulibandikia asidi ya glukuroni, kitu cha jamii ya sukari; karibu diklofenaki yote inayofika kwenye mkojo bila kubadilishwa vinginevyo imefungwa kwa namna hiyo, huku ile iliyo huru ikiwa chini ya asilimia 1 ya dozi. Kifungo hicho ni dhaifu kwenye alikali. Sasa fikiria chupa ya mkojo iliyochukuliwa Newala asubuhi, ikapakiwa kwenye gari bila barafu, ikashuka kutoka uwanda wa juu wa Makonde hadi pwani na kukaa mezani hadi jioni. Bakteria humo ndani huvunja urea na kutoa amonia, pH hupanda kupita 8, harufu kali hutoka unapofungua kifuniko, na vifungo vile vinaanza kuachia. Dawa iliyokuwa imefungwa sasa inahesabiwa kuwa huru. Kwa kuwa iliyo huru ilikuwa kidogo sana tangu mwanzo, hata kuachia kwa sehemu ndogo ya iliyofungwa hulizidisha jibu mara kadhaa. Mtu aliyezoea kwamba sampuli iliyoharibika hutoa jibu dogo hatashuku jibu kubwa.

Niliwahi kutoa majibu ya namna hiyo. Nilikuja kugundua baada ya kugawa mkojo mmoja katika vichupa viwili, kimoja kwenye jokofu na kingine juu ya meza, nikavipima siku iliyofuata: cha mezani kilisoma juu zaidi kwa kiasi ambacho hakuna kosa la pipeti lingeweza kukieleza. Nilipiga simu kwa daktari aliyeyaagiza majibu yale na kuyafuta. Ninashauri kila maabara ifanye jaribio hilo dogo kwa mikono yake, kwa joto la chumba chake.

Ziko njia mbili za kutoka. Ya kwanza ni kuzuia: mkojo utiwe asidi kidogo mara unapokusanywa, usafirishwe kwenye kisanduku chenye barafu, na ugandishwe kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri ukifika. Ya pili, ambayo naiona ya busara zaidi kwa umbali wetu wa Kilwa, Liwale na Tandahimba, ni kuacha kushindana na kemia hiyo. Vunja vifungo vyote kwa makusudi kwa sodiamu hidroksaidi, rudisha mkojo kwenye pH 2.5, zidua, kisha uripoti jumla ya diklofenaki ukiandika wazi kuwa ni jumla. Usichemshe kwenye asidi kwa lengo hilo, kwa maana diklofenaki kwenye asidi ya moto hujikunja na kuwa kitu kingine, na utapoteza ulichokuwa ukikitafuta.

Ukolezi wa mkojo nao usisahaulike. Mbangua korosho aliyeshinda kwenye joto bila kunywa maji ya kutosha na mtu aliyekunywa lita mbili kabla ya kupimwa hawawezi kulinganishwa kwa mikrogramu kwa mililita peke yake. Pima kreatinini, taka ya misuli inayotoka kwenye mkojo, na utoe jibu kwa uwiano wake. Ikiwa chini ya miligramu 20 kwa desilita, mkojo huo umezimuliwa na ni bora kuomba mwingine.

Kilele kisicho na mwenyewe

Kikitokea hata kwenye mkojo usio na dawa, muulize aliyetoa mkojo huo alikunywa nini. Tunapotengeneza mstari wa ulinganishi tunahitaji mkojo safi, na mara nyingi mtoaji ni mmoja wetu, ambaye amepita barazani asubuhi akanywa vikombe viwili vya kahawa chungu kwa kashata. Kafeini huyeyuka vizuri sana kwenye klorofomu, haina chaji kwenye pH yoyote tunayoitumia, na hunyonya mwanga kwa nguvu zaidi kwenye nanomita 273, katikati ya 271 tunayotumia kwa tramadoli na 276 kwa diklofenaki. Ni vigumu kupata mwingilio uliojipanga vizuri kuliko huo. Chai ya rangi ni vivyo hivyo. Watoaji wetu hujizuia kwa siku mbili, na kila mkojo safi hupimwa peke yake kabla ya kuchanganywa.

Wenye kromatografia ya gesi iliyounganishwa na kipima masi watazame pia majira. Juni na Julai mashamba ya mikorosho hupuliziwa salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, na unga ule wa njano hufika kila mahali. Tyubu zilizooshwa na kuachwa zikauke dirishani huokota kiasi kinachotosha kuonekana, kwani salfa huyeyuka kwenye viyeyushi vya kikaboni. Kilele chake hutambulika kwa masi 64, 128, 160, 192 na 256. Kausha vyombo kabatini, mdomo ukiwa chini.

Kilele kinachopungua kwa kila mzunguko unapoingiza kiyeyushi kitupu ni masalia ya sampuli iliyotangulia. Wanaotumia nyuzi za uziduaji, ile njia iliyoanza Kanada karibu mwaka 1990 ambapo uzi mwembamba uliopakwa hunasa dawa badala ya tone, hukutana nalo zaidi, na tiba yake ni kuuacha uzi kwenye joto la mlango wa kuingizia sampuli kwa dakika kadhaa za ziada kisha kuupima ukiwa mtupu.

Ukishaliona tone na bado kuna tatizo

Sasa nenda kwenye mashine, ukianza kwa kuingiza myeyusho wa dawa halisi usiopitia mkojo wala tone. Ukitoka vibaya, tatizo ni la hapo.

Muda wa kutoka unaosogea kati ya asubuhi na alasiri huletwa na joto. Kila nyuzi moja hubadilisha muda huo kwa asilimia 1 hadi 2, na chumba kilichoanza siku kwenye nyuzi 25 kikafika 31 kinaweza kuusogeza kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Weka oveni ya kolamu kwenye nyuzi 40, juu ya joto lolote la chumba, badala ya 25 ambayo haiwezi kuishikilia bila kupozwa. Kilele cha tramadoli chenye mkia mrefu kinatokana na naitrojeni yake kung'ang'ania silika iliyojazwa ndani ya kolamu. Bafa, yaani myeyusho unaoshikilia pH mahali pake, ya pH 3 yenye trietilamini kidogo huutuliza. Kilele kilichopasuka vipande viwili mara nyingi ni ishara kwamba masalia yaliyeyushwa kwa kiyeyushi chenye nguvu kuliko kinachosukumwa.

Shinikizo linalopanda polepole kwa siku kadhaa ni chujio lililoziba, na katika joto hili msababishaji wa kawaida ni bafa ya fosfati iliyokaa siku tatu ikaota vijidudu. Tengeneza ya siku moja, na uichuje kwenye vinyweleo vya mikromita 0.45. Shinikizo linaloruka ghafla baada ya umeme kukatika ni jambo lingine. Pampu imesimama, bafa imebaki ndani ya kolamu usiku kucha, na mtu wa asubuhi, akitaka kuisafisha haraka, amesukuma asetonitrili tupu, ambayo hugeuza fosfati kuwa fuwele palepale ilipo. Umeme ukirudi, anza na maji yenye asilimia 10 ya methanoli, kwa kasi ya mililita 0.2 kwa dakika, saa nzima, ndipo uongeze kiyeyushi taratibu. Na kwenye daftari la mashine andika saa umeme ulipokatika na saa uliporudi, pamoja na namba za tyubu zilizokuwa zimekwisha kuziduliwa zikisubiri zamu, kwa sababu matone yaliyosubiri usiku mzima katika joto yatakuwa yamepungua, na hayo yote yanapaswa kurudiwa kuanzia kwenye mkojo.